Magazini ya Akiba

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, askari wanne wa doria ya barabara kuu ya California waliuawa kwenye maegesho ya magari karibu na Newhall, kaskazini mwa Los Angeles. Majina yao ni Walt Frago, Roger Gore, James Pence na George Alleyn. Hakuna kati yao aliyekuwa amefikisha miaka 25. Frago na Gore walikuwa wamesimamisha gari jekundu la watu wawili, Bobby Davis na Jack Twinning, baada ya kupokea taarifa kwamba mmoja wao alimtishia mtu kwa bastola barabarani. Waliuawa hata kabla gari la pili la doria halijafika. Pence na Alleyn ndio waliokuwa ndani ya gari hilo la pili.

Pence alikuwa na revolva, bastola ile ya zamani yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi sita. Alizipiga zote. Risasi zake za ziada zilikuwa kwenye kifuko cha ngozi kilichofungwa kwenye mkanda: ukikifungua, zinakumwagikia kiganjani, kisha unazitia kwenye silinda kwa vidole, ilhali vidole vyenyewe vinatetemeka. Pence alikuwa ameshajeruhiwa. Akiwa bado anahangaika kujaza upya, Twinning alimsogelea na kumpiga risasi ya kichwa. Tukio zima, tangu gari kusimamishwa hadi askari wa nne kuanguka, lilichukua dakika chache tu.

Kwa miongo kadhaa, wakufunzi wa silaha Marekani wamewasimulia wanafunzi wao kwamba Pence alikutwa na maganda ya risasi mfukoni. Kwa mujibu wa hadithi hiyo, kwenye uwanja wa mazoezi askari walizoeshwa kutotupa maganda ovyo, hivyo hata kifo kilipokuwa kinamjia, mkono wake ulirudia mazoea na kuyaweka mfukoni. Ni hadithi nzuri sana ya kufundishia. Tatizo ni kwamba uchambuzi wa baadaye, uliorudi kwenye nyaraka na picha za uchunguzi, umeonyesha kuwa maganda yake yalikuwa chini, pale alipoangukia. Pence hakuzembea. Muda ndio ulimwishia.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Marekani, na ilinipasa kuisoma kesi ya Newhall kama mfano wa namna hadithi inavyoweza kuufunika ushahidi. Nisingeendelea nayo baada ya semina ile, kama si binamu yangu.

* * *

Binamu yangu yuko Houston, Texas. Anafanya kazi usiku, peke yake, kwenye duka la kituo cha mafuta. Ana ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria inamruhusu kumiliki silaha. Mimi mwenye viza ya mwanafunzi siruhusiwi, ukiacha vighairi vichache. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas haidai kibali cha kubeba bastola kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kuwa nayo. Basi akanunua bastola ndogo yenye magazini ya risasi 10, anaificha kiunoni chini ya shati.

Siku moja akanipigia.

"Dogo, wewe si ndiyo msomi wa historia? Hebu niambie. Nibebe magazini ya pili, au moja inatosha?"

"Kaka, mimi nasoma nyaraka. Silaha sizijui."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Wanaozijua wote wanauza."

Kisha akanijibu mwenyewe kabla sijasema neno: "Akiba haiozi."

Unaweza kudhani hilo ni swali la uzito na mifuko, la kuamua chuma kingine cha gramu mia mbili tatu kikae upande gani wa suruali ukiwa umesimama saa nane nyuma ya kaunta. Kumbe lina historia yake, nayo imejaa maiti, wa polisi na wa abiria.

* * *

Neno lenyewe lilifika Ulaya kutoka kwenye Kiarabu, makhazin, yaani maghala. Mzizi huohuo ndio uliotupatia sisi hazina. Jarida nalo Waingereza huliita kwa neno hilohilo, kwa sababu ni ghala la maandishi. Magazini ya bastola ni ghala dogo la risasi linaloingia ndani ya mpini.

Raia wa Marekani hakuanza kufikiria ghala la pili peke yake. Wazo hilo aliliazima kwa polisi. Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wanane wa FBI walipambana mjini Miami na majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Wengi wa maofisa hao walikuwa na revolva, wakati Platt alikuwa na bunduki fupi ya nusu-otomatiki, yenye magazini kubwa. Zilipigwa risasi zaidi ya 100. Maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, waliuawa, na wengine watano wakajeruhiwa. Gordon McNeill, aliyekuwa msimamizi, alishindwa kuijaza upya revolva yake kwa kuwa mkono ulikuwa umepasuliwa na risasi, na silinda imejaa damu na nyama yake mwenyewe.

Baada ya Miami, FBI na idara nyingi za polisi ziliharakisha kuachana na revolva na kuchukua bastola za magazini, ambazo zinabeba risasi nyingi zaidi na kujazwa kwa kusukuma ghala jipya kwenye mpini. Mwaka uliofuata, 1987, jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumpa kibali cha kubeba bastola iliyofichwa raia yeyote anayetimiza masharti, bila ofisa kuwa na hiari ya kumkatalia kwa kutompenda. Majimbo mengine yakafuata. Kwa hiyo askari walipata silaha mpya karibu wakati uleule ambao raia walipata ruhusa mpya. Wakufunzi waliofundisha polisi wakaanza kufundisha na raia, wakiwa na mifano ileile: Newhall na Miami.

Hapo ndipo nilipoanza kusita. Pence na McNeill walikuwa watu ambao kazi yao ni kuifuata hatari. Gari lingeondoka, wangelifukuza. Binamu yangu kazi yake ni kuuza soda na kuhesabu chenji. Jambazi akikimbia, yeye anafunga mlango na kumshukuru Mungu. Somo la Newhall linamfaa kwa kiasi, si lote.

* * *

Lakini wanaobeba magazini ya pili wana hoja, na hazifai kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni hesabu. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichapisha uchunguzi wake kuhusu polisi wa New York. Ilikuta kwamba kati ya mwaka 1998 na 2006, pale polisi walipokuwa wakirushiana risasi na mtu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizompata waliyemlenga. Hawa ni watu waliofunzwa na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kwa kiwango hicho, bastola ya risasi tano haifikishi hata risasi moja mahali inapotakiwa, na ya risasi 10 haifikishi mbili. Mtu akiitazama hesabu hiyo saa nane ya usiku, ataona magazini ya pili ni akili ya kawaida.

Hoja ya pili haihusu wingi, inahusu ubovu. Katika bastola za kisasa, magazini ndiyo sehemu dhaifu. Ni kibati na springi. Ikibonyea, springi ikilegea, au kidole kikigusa kitufe kwa bahati mbaya, ghala linaanguka na unabaki na risasi moja, au huna kabisa. Wakati mwingine risasi mbili hugombania kuingia na kila kitu hukwama, na njia ya haraka ya kutoka hapo ni kuichomoa magazini na kutia nyingine. Mbebaji makini atakwambia habebi risasi nyingi, anabeba kipuri. Kama gurudumu la akiba la gari.

Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Haitegemei njozi za mapambano marefu. Inategemea jambo ambalo kila aliyewahi kumiliki mashine analijua, kwamba mashine hukataa siku unayoihitaji.

Hata hivyo, asilimia 18 ina upande wa pili. Risasi zilizobaki, zile 82 katika kila mia, zilikwenda mahali fulani. Tarehe 24 Agosti 2012, karibu na jengo la Empire State jijini New York, polisi wawili walimkabili mtu aliyekuwa ametoka kuua, akawaelekezea bastola. Walipiga risasi 16, wakamuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa, na wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Askari hawakuwa waovu, walikuwa watu wenye hofu kwenye njia ya waenda kwa miguu asubuhi ya siku ya kazi. Kituo cha mafuta nacho kina kioo mbele, pampu nje, na mara nyingi mtoto amelala kiti cha nyuma cha gari mzazi akiwa dukani.

* * *

Yupo pia mtu ambaye hatajwi sana na wanaopenda hesabu za risasi. Tarehe 22 Desemba 1984, Bernhard Goetz, mzungu, alikuwa ndani ya treni ya chini ya ardhi jijini New York. Vijana wanne weusi walikuwa karibu naye, na mmoja wao akamwomba, au akamdai, dola tano. Goetz alitoa revolva ya risasi tano aliyokuwa ameificha na kuwapiga risasi wote wanne. Wote walipona, ingawa mmoja alipooza maisha yake yote. Siku tisa baadaye alijisalimisha, na katika maelezo yaliyorekodiwa aliwaambia wapelelezi kwamba laiti angekuwa na risasi zaidi angewapiga tena na tena, na kwamba shida yake ilikuwa kuishiwa.

Mwaka 1987 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia katika mashtaka ya kujaribu kuua, likamtia hatiani kwa kuwa na bastola bila kibali. Watu hubishana mpaka leo kama alikuwa shujaa au mbaguzi aliyejaa chuki. Mimi najali zaidi sentensi ile ya kuishiwa. Huyu ni mtu aliyejiona anajilinda, na kwa maneno yake mwenyewe, kilichomzuia kuendelea hakikuwa dhamiri wala sheria. Silinda ilikuwa tupu.

Ndipo nilipotambua kwamba swali la binamu yangu linahusu sekunde kuliko risasi. Kila bastola ina wakati wake wa kunyamaza. Magazini ya pili haifanyi kingine zaidi ya kuufupisha ukimya huo. Na ukimya uliomuua James Pence ndio huohuo uliowaokoa watu wengine.

* * *

Tarehe 7 Desemba 1993, jioni, mtu mmoja alianza kuwapiga risasi abiria ndani ya treni ya Long Island iliyotoka New York. Magazini zake zilibeba risasi 15 kila moja. Alimaliza ya kwanza, akaweka ya pili. Alipokuwa anabadilisha tena, abiria watatu walimrukia na kumbana kwenye kiti. Watu sita walikufa na 19 wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mume wa muuguzi aitwaye Carolyn McCarthy. Mwanawe alijeruhiwa vibaya.

Miaka miwili kabla, tarehe 16 Oktoba 1991, mtu mwingine aliingiza gari lake kwa kishindo ndani ya mkahawa wa Luby's, mjini Killeen, Texas, na kuua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa anakula chakula cha mchana pale na wazazi wake. Alikuwa na revolva, lakini alikuwa ameiacha kwenye gari, kwa sababu sheria ya Texas wakati huo ilikataza kutembea nayo. Baba yake alimkimbilia muuaji kwa mikono mitupu, akapigwa risasi. Hupp alitokea dirishani akidhani mama yake anamfuata nyuma. Mama alirudi kumshika mumewe, akauawa palepale. Muuaji alibadilisha magazini mara kadhaa. Ukimya ulikuwepo siku ile pia, ila hakuna aliyeweza kuutumia.

Ukiwaweka wanawake hawa wawili pamoja, wamefiwa kwa namna moja. McCarthy alihitimisha kwamba magazini kubwa zipigwe marufuku. Hupp alihitimisha kwamba raia waruhusiwe kubeba bastola, na ushuhuda wake ulisaidia kuileta sheria ya Texas ya mwaka 1995, iliyotiwa saini na gavana George W. Bush. Novemba 1996 wote wawili walichaguliwa: McCarthy kwenda Bunge la Marekani, Hupp kwenda Bunge la Texas. Nimesoma maelezo ya wote wawili mara nyingi kuliko semina ilivyodai, na sijaweza kumwambia hata mmoja wao kwamba hakuelewa yaliyompata.

Kati ya misiba hiyo na uchaguzi huo, tarehe 13 Septemba 1994, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyozuia kutengenezwa kwa ajili ya raia magazini mpya zenye kubeba zaidi ya risasi 10. Sheria ilipewa miaka kumi, na tarehe 13 Septemba 2004 Bunge likaiacha ife. Matokeo yake moja hayakutarajiwa na wengi. Kwa kuwa bastola kubwa haikuwa tena na faida ya kubeba risasi nyingi, watengenezaji walikuwa na sababu nyingine ya kuuza ndogo. Mwaka 1995 kampuni ya Glock ilitoa bastola fupi ya risasi 10, rahisi kuificha. Bastola ya binamu yangu ni mjukuu wa sheria ile.

Kisha ikaja Tucson, Arizona, tarehe 8 Januari 2011. Mbunge Gabrielle Giffords alikuwa anasalimiana na wapiga kura nje ya duka la vyakula. Kijana mmoja alimpiga risasi ya kichwa kwa Glock yenye magazini ndefu ya risasi 33, akaendelea kupiga watu mpaka ikaisha. Sita walikufa, akiwemo mtoto wa miaka tisa, na 13 wakajeruhiwa, Giffords akiwa mmoja wao. Alipojaribu kuweka magazini nyingine, wanaume wawili walimwangusha, na mama wa miaka 61, Patricia Maisch, akiwa chini sakafuni akainyakua ile magazini ya akiba kabla haijaingia kwenye mpini.

Raia mwenye bastola alikuwa karibu, akakimbilia pale. Alimwona mtu ameshika silaha na nusura ampige, kumbe yule alikuwa ameipokonya kutoka kwa muuaji. Aliiacha yake mfukoni. Mambo yote haya yalitokea ndani ya muda mfupi kuliko unaokuchukua kusoma aya hii.

* * *

Binamu yangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo nibebe au nisibebe?"

Nilimjibu nilivyoweza. Kama tayari ameamua kutembea na bastola, hoja ya kipuri ni ya kweli, na sina ushahidi wa kumwambia mtu aliye peke yake usiku asijiwekee kipuri. Lakini ningekuwa na kura katika nchi hii, na wala yeye hana, ningempigia anayetaka magazini zibaki fupi, kwa sababu siwezi kuisahau mikono ya mama yule wa Tucson. Akacheka, akasema hayo ni majibu mawili. Ni kweli. Sheria haiwezi kumpa Pence sekunde bila kumpa pia yule wa kwenye treni, na dukani hakuna anayeulizwa yeye ni yupi kati yao.

Kisha nikamwuliza kuhusu dirisha. Vituo vingi vya mafuta vya miji mikubwa hufunga mlango usiku na kuhudumia kwa kidirisha chenye kioo kinene, fedha zikipita kwenye trei. Katika kila kesi niliyoisoma, kilichokosekana kwanza ni umbali. Newhall walikaribiana mno, Luby's hapakuwa na ukuta, na kwenye treni hapakuwa na pa kwenda. Kioo kinampa mtu sekunde zake, na hakimfupishii mwingine yeyote ukimya anaouhitaji.

"Bosi hataki," akasema. "Anasema mlango ukifungwa, watu hawaingii kununua chipsi."

Nimemwandikia barua ya kumpelekea bosi huyo, kwa Kiingereza cha adabu, yenye bei za vioo na trei. Ameniambia ameiweka juu ya meza ya ofisini. Mpaka ijibiwe, anaingia zamu saa nne usiku na magazini mbili, moja kwenye mpini na nyingine mfuko wa kushoto.